Kisima Kinajazwa Kiasi Gani kwa Mwaka?

Na mhudumu wa afya ya jamii, Nyarutarama, Kigali

Ukifungua bomba asubuhi na maji yakatoka kwa nguvu, umejua jambo moja tu: pampu inafanya kazi. Bado hujajua kama maji yaliyo chini ya ardhi yanaongezeka au yanapungua. Bomba linakuonyesha maji yanayotoka. Maji yanayoingia ardhini hayaonekani, na kwa sababu hayaonekani, watu wengi hawayaulizii mpaka siku kisima kinapoanza kutoa maji ya chumvi au kukauka.

Sisi wahudumu wa afya ya jamii tunapita nyumba kwa nyumba tukifundisha kunawa mikono, kufunika jerikani na kutunza choo. Mafundisho hayo yote yanahitaji maji. Familia ikipata maji kidogo, haiachi kupika wala kunywa. Inaacha kunawa kwanza, kisha kuogesha watoto, kisha kufua. Hapo kuhara, upele na magonjwa ya macho huingia ndani ya nyumba. Ndiyo maana swali la maji ya kisima ni swali la afya, si la mafundi peke yao.

Wengi wenu mna ndugu walioko Kakuma au Dadaab, nchini Kenya. Huko ni nchi kavu, na maji ya watu wote hutoka chini ya ardhi. Katika toleo hili tutaeleza jinsi wataalamu wanavyokadiria maji mapya yanayoingia ardhini kila mwaka, kwa nini ni kazi ngumu katika nchi kavu, na wewe mkazi wa kambi unaweza kusaidia nini.

MVUA IKINYESHA INAKWENDA WAPI?

Tuanze na mahali penye mvua ya kutosha. Nyarutarama ni mtaa wa vilima katika sekta ya Remera, wilaya ya Gasabo, hapa Kigali. Mji huu hupata mvua ya karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Kumbuka kipimo hiki, kwa maana tutakitumia hadi mwisho: milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo milimita 1,000 ni lita 1,000 kwa kila mita ya mraba, yaani jerikani 50 za lita 20.

Maji hayo yana njia tatu. Njia ya kwanza ni kutiririka. Mvua inayopiga mabati, lami na mawe ya barabarani haina pa kuingia. Inakimbilia mitaroni na kushuka bondeni, ambako Nyarutarama kuna ziwa dogo lililotengenezwa na watu. Njia ya pili ni kurudi hewani. Jua na upepo hukausha udongo, na mizizi ya migomba, majani na miti hunywa maji na kuyatoa tena kupitia majani. Njia ya tatu ni kuzama. Maji yanayopita chini ya mizizi bila kunywewa huendelea kushuka polepole mpaka yafike kwenye tabaka la mchanga au mwamba wenye nyufa linalohifadhi maji. Hayo ndiyo maji mapya yanayojaza kisima. Mengine yote, hata mvua iwe kubwa namna gani, hayakuongezi kitu kisimani.

Mvua nyingi peke yake haitoshi. Waliokaa kambi ya Gihembe, karibu na mji wa Byumba, wanajua. Huko mvua haikukosekana, lakini kwenye mteremko mkali maji yalikimbia na kuchimba makorongo makubwa karibu na nyumba za watu. Mwaka 2021 wakazi walihamishiwa Mahama na kambi ikafungwa. Korongo ni alama ya maji ambayo hayakupata nafasi ya kuzama.

Tena maji kuzama si lazima yawe karibu nawe. Upande wa Goma, ardhi ni mawe ya volkeno yenye nyufa nyingi. Mvua huingia upesi na kwenda chini sana. Julai 1994, wakimbizi wengi mno walipofika huko kwa siku chache, mawe hayo yalizuia kuchimba visima na vyoo. Kambi ya Kibumba ilitegemea maji ya kuletwa kwa malori. Kipindupindu na kuhara damu vilienea, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Kwa hiyo mtaalamu huuliza maswali mawili pamoja: maji mangapi yanazama, na yanazamia wapi?

KWA NINI NCHI KAVU NI NGUMU

Sasa twende Dadaab, mashariki ya Kenya. Kambi zilianzishwa miaka ya 1991 na 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia. Mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa, idadi ya wakazi ilipita watu 400,000. Wote walitegemea visima virefu, vyenye kina cha zaidi ya mita 100, vinavyovuta maji kutoka kwenye tabaka linaloitwa Merti.

Eneo hilo hupata mvua ya karibu milimita 300 kwa mwaka, na miaka mingine chini ya hapo. Lakini jua na upepo wa huko vina nguvu ya kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba jua linaweza kunywa mvua yote na bado likawa na kiu. Kwenye uwanda wa kawaida, tone la mvua mara nyingi hukauka kabla halijapita mizizi ya vichaka.

Je, maji hayaingii kabisa? Yanaingia, lakini si kila mahali na si kila mwaka. Katika nchi kavu maji mengi huzama kwenye mito ya msimu, ambayo Kenya huitwa laga. Mvua kubwa ikinyesha, laga hujaa kwa saa chache au siku chache, na mchanga wake hunywa maji upesi kabla jua halijayafikia. Ndivyo ilivyo kwenye laga ya Tarach inayopita Kakuma, ambako visima vya kambi vimechimbwa kando yake. Hivyo mwaka mmoja wa mafuriko unaweza kuingiza maji kuliko miaka kadhaa ya mvua ndogo.

NJIA NNE ZA KUKADIRIA

Hakuna mtu anayeweza kuweka mita chini ya ardhi na kusoma maji yanayoingia. Ndiyo sababu tunasema kukadiria, si kupima. Wataalamu hutumia njia kadhaa, kisha wanalinganisha majibu.

Ya kwanza ni hesabu ya mapato na matumizi. Unachukua mvua yote, unatoa iliyotiririka, unatoa iliyokauka na kunywewa na mimea, na kinachobaki ndicho kilichozama. Hesabu hii inafaa mahali penye mvua nyingi. Katika nchi kavu ina hatari. Tuseme mvua ni milimita 300 na umekadiria kwamba 290 zimepotea. Zilizobaki ni 10. Sasa tuseme kipimo chako cha mvua kimekosea kidogo, asilimia 5 tu. Kosa hilo ni milimita 15, na limeshinda jibu lenyewe. Ni kama mfanyabiashara anayeuza kwa faida ndogo sana: akikosea kidogo kuhesabu mtaji, hajui tena kama amepata faida au hasara.

Ya pili ni kupima kina cha maji kisimani. Unashusha kamba yenye kipimo, unaandika maji yako mita ngapi chini, mwisho wa kiangazi na tena baada ya mvua. Maji yakipanda, kuna kilichoingia. Lakini kupanda kwa sentimita 20 si sentimita 20 za maji, kwa sababu chini si tangi tupu, ni mchanga. Ikiwa nafasi inayoweza kutoa maji katikati ya punje za mchanga ni asilimia 10, basi kilichoingia ni sentimita 2, yaani milimita 20. Tena lazima uhakikishe pampu haikufanya kazi karibuni. Pampu ikizimwa, maji hupanda yenyewe bila mvua yoyote, na asiyejua atashangilia bure.

Ya tatu ni chumvi, na mama yeyote anayepika ataielewa upesi. Chukua sufuria ya maji yenye chumvi kidogo, uache ichemke. Maji yanaondoka kwa mvuke, chumvi inabaki. Maji yakibaki nusu, ukali wa chumvi umekuwa mara mbili. Yakibaki sehemu moja ya kumi, ukali ni mara kumi. Ardhi nayo ni hivyo. Mvua hushuka na chumvi kidogo sana iitwayo kloraidi. Jua huchukua maji na kuacha chumvi, na maji machache yanayozama huibeba kwenda chini. Mtaalamu hupima kloraidi ya mvua na kloraidi ya maji ya chini. Tuchukue mfano wa kufundishia: mvua milimita 300 kwa mwaka, na maji ya chini yana kloraidi mara 100 kuliko mvua. Basi kilichozama ni sehemu moja ya mia, yaani milimita 3 tu kwa mwaka. Njia hii ni nzuri kwa nchi kavu, lakini inadanganya mahali ambapo mwamba wenyewe una chumvi, au ambapo vyoo vimechafua maji, kwa sababu mkojo pia una chumvi.

Ya nne ni kujua umri wa maji. Majaribio ya silaha za nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalitia hewani tritiamu nyingi, ambayo ni aina ya haidrojeni, na ikashuka pamoja na mvua duniani kote. Maji ya kisima yakiwa na tritiamu hiyo, ni alama kwamba ndani yake kuna mvua iliyonyesha baada ya miaka hiyo. Yasipokuwa nayo, ni ya zamani zaidi. Kwa maji ya kale sana hutumika aina ya kaboni inayopungua hadi nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Vipimo vya namna hii kwenye tabaka la Merti vimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji yake matamu ni ya kale sana, na maji mapya yanayoingia ni machache. Zaidi ya hayo, maji hayo matamu yamezungukwa na maji ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi mahali pamoja, chumvi inaweza kusogea kuelekea kisimani.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya akiba na mapato. Mzee mwenye ng'ombe 100 anaonekana tajiri. Lakini kama kila mwaka wanazaliwa ndama 5 na yeye anachinja 15, zizi linapungua hata kama leo limejaa. Maji ya kale ni zizi la zamani. Mapato ni ndama tu.

FUNDISHO LA TURKANA

Septemba 2013, serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza Nairobi kwamba uchunguzi wa picha za setilaiti na rada umeonyesha hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, ikiwemo chini ya uwanda wa Lotikipi, kaskazini magharibi ya nchi. Ilitajwa hazina ya angalau mita za ujazo bilioni 250, na kwamba kila mwaka huingia maji mapya mita za ujazo bilioni 3.4 kutokana na mvua za milimani. Watu walifurahi sana. Wengine walisema shida ya maji ya kaskazini imekwisha.

Baadaye visima vya majaribio vilipochimbwa Lotikipi, maji yalikutwa na chumvi nyingi mno, hayafai kunywa bila kusafishwa kwa mitambo ya gharama kubwa. Hatusemi haya ili kuwacheka waliochunguza. Fundisho ni kwamba picha kutoka juu inaonyesha mahali pa kutafuta, lakini jibu la mwisho hutoka kwenye kisima chenyewe, baada ya kuonja, kupima na kuandika kwa miaka. Ndugu msomaji, ukisikia namba kubwa ya maji, uliza mambo matatu: ni akiba au ni mapato ya kila mwaka? Ni matamu au ya chumvi? Imekadiriwa kwa njia moja au kwa njia kadhaa?

HESABU YA KAMBI MOJA

Turudi kwenye mfano wetu wa milimita 3 kwa mwaka. Inaonekana si kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Juu ya kilomita moja ya mraba, milimita 3 ni lita 3,000,000. Kipimo ambacho UNHCR inakusudia kwa kila mkimbizi ni lita 20 kwa siku, sawa na lita 7,300 kwa mwaka. Kwa hiyo kilomita moja ya mraba ya nchi kavu kama ile ya mfano wetu inatosheleza watu 410 hivi. Kambi ya watu 100,000 inahitaji mvua ya eneo la kilomita za mraba zaidi ya 240, na hapo hatujahesabu wenyeji, mifugo, zahanati wala shule.

Sasa unaona kwa nini kosa la kukadiria si jambo la karatasi tu. Mtaalamu akiandika milimita 6 wakati ukweli ni 3, kambi itapangiwa watu mara mbili ya wale ambao ardhi inaweza kuwanywesha. Miaka ya mwanzo hakuna atakayeona tofauti, maana akiba ya kale inafidia. Watakaoona ni watoto watakaokuja bombani baadaye. Na wenyeji wenye ng'ombe na ngamia, waliokuwepo kabla yetu, wanakunywa kutoka tabaka hilo hilo. Ugomvi wa kisima huanza pale ambapo kila upande unakisia na hakuna mwenye daftari.

NJIA YA MAJI NI NJIA YA UCHAFU

Jambo hili linatuhusu sisi wa afya zaidi ya yote. Mahali maji yanapozama kwa urahisi, uchafu nao huzama kwa urahisi. Mchanga wa laga unaojaza kisima ndio huo huo ambao watu hupenda kwenda kujisaidia kwa sababu ni laini na kuna vichaka. Mafuriko yakija, kinyesi huchanganyika na maji yanayoshuka kwenye visima vifupi.

Kwa hiyo shika vipimo hivi. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, karibu hatua 40 za mtu mzima. Chini ya shimo la choo kubaki angalau mita 1.5 kabla ya kufika kwenye maji. Kwenye mawe yenye nyufa, umbali huo hautoshi, kwa hiyo waite mafundi wa maji na usafi kabla ya kuchimba. Mchanga na udongo laini huchuja vijidudu kwa kiasi. Nyufa za mawe hazichuji.

WEWE UNAWEZA KUFANYA NINI?

1. Iombe kamati ya maji ya eneo lako iwe na daftari la kisima. Ndani yake iandikwe tarehe, mvua iliyonyesha, kina cha maji asubuhi kabla ya pampu kuwashwa, na saa ambazo pampu ilifanya kazi. Daftari la miaka mitano lina thamani kuliko maneno ya mgeni wa siku mbili.

2. Toa taarifa upesi maji yakibadilika ladha, yakianza kuwa ya chumvi, au kisima kikichukua muda mrefu zaidi kujaza tangi lile lile.

3. Punguza mwendo wa mvua. Mfereji mfupi unaokata mteremko, majani na miti kando ya njia, na mawe yaliyopangwa kwenye korongo changa huyapa maji nafasi ya kuzama. Katika Machakos, Makueni na Kitui, nchini Kenya, wananchi wamejenga kuta kwenye mito ya msimu; mchanga hukusanyika nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji ndani yake mbali na jua.

4. Kinga mvua ya paa. Paa la bati la mita 20 za mraba hutoa karibu jerikani moja kwa kila milimita ya mvua. Mwaga maji ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, funika chombo, na utibu maji kabla ya kunywa. Kila jerikani ya paa ni jerikani moja isiyovutwa kisimani.

5. Usijisaidie lagani wala bondeni, na wafundishe watoto hivyo hivyo. Usifue wala kunywesha mifugo juu ya mdomo wa kisima.

6. Usipunguze kunawa mikono ili kubana maji. Kunawa kwa sabuni hakuhitaji maji mengi, na kopo lenye tundu dogo hutosha familia nzima. Maji yanayopotea ni yale ya bomba lililoachwa wazi na jerikani zilizovuja.

Mhudumu wa afya akipita kwako wiki hii, muulize daftari la kisima chenu liko kwa nani. Kama halipo, mwende pamoja kwa mwenyekiti wa kamati ya maji mkaanzishe. Linahitaji kalamu, kamba yenye kipimo na mtu mmoja wa kuamka mapema.